Udongo Mwekundu wa Kichanga: Tabia Zake na Namna ya Kukaa Nao

Leo hatuzungumzii mbegu wala bei ya korosho. Tunazungumza juu ya kile unachokanyaga. Ninyi mlioko Mpapura na vijiji vya jirani, na wenzenu wa Nanyamba, Tandahimba hadi Newala, mnaujua vizuri ule udongo mwekundu unaoshika nguo na miguu. Mvua ikinyesha asubuhi, mchana unapita bila tope. Mwaka wa kwanza baada ya kufyeka pori unakupa mihogo mizuri, wa pili unakupa kiasi, na ikifika wa nne unaanza kuulizana na mama watoto kama shamba limerogwa.

Shamba halikurogwa. Udongo huo una tabia zake, na kama mtu mwingine yeyote, ukimjua tabia utakaa naye.

Kwanza, wekundu. Wengi huamini kwamba udongo mwekundu una nguvu na mweupe hauna. Hilo ni kweli nusu tu. Wekundu ni kutu. Chembe za mchanga zenyewe ni nyeupe kama chumvi, lakini kila moja imevishwa utando mwembamba wa chuma kilichoshika kutu. Kutu hiyo hukaa pale ambapo maji hayasimami na hewa inaingia. Teremka bondeni ambako maji hutuama masika, utaona udongo uleule umekuwa wa kijivu, kwa sababu maji yameondoa chuma. Kwa hiyo rangi nyekundu inakuambia kwamba mizizi yako haitazama majini. Haikuambii kwamba kuna chakula cha mmea humo.

Sasa fanya jaribio dogo, usiniamini hivi hivi. Chukua konzi ya udongo, ulowanishe, uuviringishe kama unafanya kamba. Ukikatika kabla hujapata kidole kimoja, ni kichanga. Au chukua chupa tupu, tia udongo mpaka robo, jaza maji, tikisa kwa nguvu, kisha uiweke chini. Mchanga hukaa chini ndani ya dakika moja au mbili. Udongo wa mfinyanzi ndio unaobaki ukielea na kuyachafua maji mpaka kesho yake. Katika udongo wetu utaona tabaka nene la mchanga na juu yake ukanda mwembamba tu wa mfinyanzi. Ukanda ule ndio ghala lako. Na ghala ni dogo.

Asili yake ni mawe ya mchanga ya uwanda wa Makonde, ule unaopanda polepole kutoka pwani kuelekea Newala. Mawe hayo yamelika kwa miaka mingi mno, mvua ikipita na kusomba madini ndani yake. Kilichobaki ni mchanga, kutu, na mfinyanzi wa aina iliyochoka, usioshika virutubisho kwa nguvu. Maji nayo hupita kama katika kapu. Ndiyo maana huko juu uwandani mvua hunyesha vizuri lakini mito hakuna, na akina mama walizoea kuteremka mabondeni kutafuta maji.

Tuje kwenye hesabu ya maji, maana hapa ndipo msimu unaponusurika au kupotea. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili au Mei, na kwa mwaka hufika kiasi cha milimita 800 hadi 1,100. Si haba. Kuna mikoa ingeshukuru. Shida ni kwamba mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari mara nyingi mvua hukatika wiki moja, mbili au zaidi. Udongo wa kichanga, katika kina cha mita moja, huweza kumwekea mmea milimita 60 hadi 100 hivi za maji. Tifutifu nzuri huweka 150 na zaidi. Mahindi ambayo mizizi yake imefika nusu mita yanapata nusu ya hizo, tuseme 30 hadi 50. Na mahindi yaliyostawi, jua likiwa kali, hunywa kama milimita tano kwa siku. Gawanya mwenyewe: siku sita mpaka kumi. Baada ya hapo yanaviringa majani. Mtama, mihogo, mbaazi na mikorosho vina mizizi inayoshuka kufuata maji chini, na ndiyo sababu wazee wetu waliishi navyo. Hawakuwa wajinga.

Kwa hesabu hiyohiyo, matuta marefu katika kichanga hiki hayafai sana. Tuta hupata jua pande zote na kukauka haraka. Mihogo hapa ipande sesa, tambarare, matuta uyaachie bondeni kwenye maji. Na funika ardhi. Majani makavu ya unene wa vidole vitatu juu ya udongo huzuia jua lisinyonye maji, na pia huzuia matone makubwa ya mvua yasipige udongo ukafanya lile ganda jembamba la juu. Ganda hilo unalijua: mbegu za ufuta hushindwa kulipasua.

Chimba sasa shimo la kufika magotini. Utaona juu weusi kidogo, kama urefu wa kiganja, halafu wekundu mtupu mpaka chini. Ule weusi ndio utajiri wako wote. Ni majani, mizizi na takataka zilizooza, na katika udongo wenye mfinyanzi mchache hivi, mboji hiyo ndiyo inayoshika chakula cha mimea na maji pia. Ukichoma shamba mwezi wa Septemba au Oktoba, unapata majivu, ni kweli, na mwaka ule mazao hucheka. Lakini naitrojeni imekwenda na moshi, na majivu yenyewe mvua za kwanza huyasukuma chini kusikofikiwa na mizizi midogo. Umekula akiba, hukula faida.

Najua mtasema, "Sasa korosho tutaziokotaje kama chini ya mti kumejaa majani?" Swali la haki. Fagieni, hakuna anayekataza. Lakini mkishafagia msitie kiberiti. Rundikeni majani pembeni, na mavuno yakiisha myarudishe chini ya mti, au myapeleke kwenye mstari wa mihogo. Kazi ya siku mbili tatu hiyo. Tena moto ukitoroka, mti uliopandwa na babu hufa jioni moja.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya nichague mada hii, nalo ni uchachu wa udongo, au tindikali. Kuna wakulima wanaong'oa karanga zilizostawi majani mazuri, halafu wakipasua wanakuta maganda matupu, kama mpunga uliotoa mapepe. Wanalaumu mbegu. Mara nyingi mbegu haina kosa. Karanga ina tabia ya ajabu: ganda lake likiwa chini ya ardhi hunyonya chokaa lenyewe moja kwa moja kutoka kwenye udongo unaolizunguka, halingojei mizizi ilete. Udongo usipokuwa na chokaa pale juu, ganda linabaki tupu hata kama umepanda mbegu bora kama Pendo, iliyotolewa mwaka 1998.

Chokaa ilikwenda wapi? Kwanza haikuwa nyingi. Mvua nayo huisomba. Na tatu, sisi wenyewe. Ugonjwa wa ubwiri unga ulipotambuliwa katika mikorosho yetu mwaka 1979, dawa iliyokuja kusaidia ni unga wa salfa. Salfa iliokoa zao hili, hilo tuliseme wazi. Taifa lilikuwa limevuna kama tani 145,000 mwanzoni mwa miaka ya 1970, na katikati ya miaka ya 1980 mavuno yakaanguka hata chini ya tani 20,000, ugonjwa ukiwa sababu mojawapo pamoja na bei mbaya na watu kuhamishwa kutoka karibu na mashamba yao. Bila salfa tungekata miti tukapika mkaa.

Lakini ule unga hauishi angani. Unaanguka chini, na mvua zikija vijidudu vya udongo huugeuza kuwa tindikali. Watafiti waliopima mashamba ya kusini katika miaka ya 1990 waliona udongo chini ya mikorosho iliyopuliziwa ukizidi kuwa mchachu. Tuchukue mfano. Ekari moja yenye miti 28, kila mti robo kilo, mizunguko mitano kwa msimu: hiyo ni kilo 35. Kila kilo ya salfa ikigeuka yote, huhitaji kilo tatu za chokaa kuituliza. Kwa hiyo ekari hiyo inadai zaidi ya kilo 100 za chokaa kila mwaka, na sisi hatutii hata kikombe. Mkorosho wenyewe huvumilia uchachu, na mhogo pia. Karanga, njugu mawe na mahindi unayopanda katikati ya miti ndivyo vinavyoumia.

Hatusemi uache salfa. Pulizia wakati ugonjwa unaonekana, si kwa mazoea. Ondoa machipukizi yaliyoathirika kabla hayajaeneza, pogoa mti upitishe hewa, na uliza dawa za maji ambazo nazo hutumika siku hizi. Karanga zako zipande mbali na vivuli vya miti inayopuliziwa. Majivu ya jikoni usiyatupe jalalani, yana chokaa. Nyunyiza juu ya udongo kando ya mistari ya karanga zinapoanza kutoa maua, uyachanganye kidogo na udongo wakati wa palizi. Ila usiyaweke pamoja na mbolea ya SA au urea, yatafukuza naitrojeni ikapotea hewani. Na hiyo SA yenyewe huongeza uchachu, basi ukiwa na hiari chukua CAN. Mbolea ya Minjingu, inayochimbwa karibu na Ziwa Manyara, ina fosforasi pamoja na chokaa na hufanya kazi vizuri katika udongo mchachu. Mbolea ya naitrojeni igawe mara mbili. Ukiiweka yote siku moja, mvua moja kubwa huipeleka chini ya mizizi, na wewe umelipia.

Kuna waliowahi kuudharau udongo mwekundu wakaumbuka. Waingereza walipoanzisha mpango wa karanga mwaka 1947, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea, waliuona udongo wa Kongwa laini wakati wa mvua wakafurahi. Kiangazi ukawa kama tofali. Karanga hazikung'oleka, na mchanga ukayala majembe ya matrekta. Mpango ukafa mwaka 1951, na pauni kama milioni 36 zikafutwa vitabuni. Sisi tulibakiwa na bandari ya Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya karanga ambazo hazikuja.

Wiki hii, basi, tafuta ile chupa. Chukua udongo wa chini ya mkorosho na udongo wa mahali ambapo hapajapuliziwa, kila mmoja uutie kwenye mfuko wake ulio safi, uandike umetoka wapi. Umwone Bwana Shamba au Bibi Shamba wako, umwombe akuelekeze upimwe uchachu, na waliopo karibu na Naliendele waulize kituoni penyewe. Fanya hivyo sasa, kabla mbegu za karanga hazijaingia ardhini.