Waliofyeka majani kwenye uwanja uliobomolewa

Wiki hii kwenye kipindi chetu cha michezo tuligusia besiboli, na baadhi yenu mkatuuliza: kwa nini Wamarekani wanaulilia uwanja kana kwamba wamefiwa? Tunaeleza kwa mfano wa mji wa Detroit.

Kwanza, mchezo wenyewe

Kila timu ina wachezaji 9. Mmoja anarusha mpira, mpinzani anaupiga kwa gongo la mbao, kisha anakimbia kupitia vituo vitatu. Akirudi salama pale alipoanzia, timu yake inapata pointi. Katika ligi kuu ya huko, timu hucheza mechi 162 kwa msimu, 81 kati ya hizo nyumbani. Linganisha na ligi ya soka yenye timu 16: mechi za nyumbani ni 15 tu. Ndiyo maana shabiki wa besiboli huuzoea uwanja kama ua wa kwao.

Kona moja, miaka zaidi ya 100

Besiboli ilianza kuchezwa kwenye kona ya barabara za Michigan na Trumbull mwaka 1896. Tarehe 20 Aprili 1912 ukafunguliwa hapo uwanja ambao baadaye uliitwa Tiger Stadium, nyumbani kwa Detroit Tigers. Baba alimpeleka mwanawe, naye akaja kumpeleka wa kwake.

Mwaka 1988, kulipokuwa na mipango ya kuuacha, mashabiki zaidi ya 1,000 walishikana mikono wakauzunguka. Hawakufua dafu. Mechi ya mwisho ya Tigers ilichezwa 27 Septemba 1999, na uwanja ukabomolewa mwaka 2008 na 2009.

Majani yakaota

Kiwanja kikageuka pori. Mwaka 2010 mashabiki wakaja na mashine zao za kukata majani, wakafyeka, wakasawazisha udongo. Hawakuwa na kibali. Polisi waliwafukuza, wakarudi. Familia zikaanza tena kucheza hapo.

Mwaka 2018 kikafunguliwa palepale kiwanja cha vijana, lakini chenye nyasi bandia. Baadhi ya waliofyeka kwa miaka yote hiyo waliumia sana: majani waliyoyatunza yameondoka. Hata hivyo, watoto wanacheza kwenye kona ileile.

Nanyi je, kiwanja cha kijiji chenu kikiota majani, nani huanza kufyeka? Tuandikieni, tutasoma majibu yenu hewani.