Taa za nje ya nyumba: jinsi ya kuziweka bila kuhatarisha familia



Wengi wetu hapa West Side, Buffalo, tunaishi katika nyumba za mbao za zamani, nyingi zikiwa zimejengwa kabla ya mwaka 1940. Mwezi wa Desemba jua huzama kabla ya saa 11 jioni, na wengi hurudi kutoka kazini usiku. Giza na barafu vikikutana kwenye ngazi za veranda, mtu anaweza kuteleza na kuvunjika mkono, nyonga au kichwa. Kwa hiyo taa ya nje ni kinga ya afya. Lakini taa ikifungwa vibaya inaweza kuua mtu kwa shoti au kuunguza nyumba. Tafadhali soma mambo yafuatayo kabla hujaanza kazi.

1. Usiudharau umeme wa hapa

Umeme wa nyumbani Marekani ni volti 120, karibu nusu ya ule tuliouzoea Afrika Mashariki. Wengine hudhani kwamba hauwezi kuua. Si kweli. Ukiwa umesimama juu ya theluji au ardhi yenye maji, umeme hupita mwilini kwa urahisi na unaweza kusimamisha moyo.

Ndiyo maana soketi ya nje inatakiwa kuwa na kinga ya GFCI. Kinga hiyo hukata umeme upesi sana ikihisi kwamba umeme kidogo unavuja, hata miliampia 5 tu. Kwa kawaida soketi yake ina vitufe viwili vilivyoandikwa TEST na RESET. Bonyeza TEST kila mwezi: umeme lazima ukatike. Usipokatika, usiitumie soketi hiyo. Soketi ya nje pia iwe na kifuniko cha kuzuia mvua.

2. Chagua taa inayofaa

Taa rahisi na salama zaidi ni za betri au za jua, kwa sababu hazihitaji waya wa nyumba. Kumbuka tu kwamba wakati wa baridi jua letu ni hafifu na theluji hufunika kioo cha taa, hivyo taa ya jua inaweza kuzimika mapema. Taa ya betri inayowaka mtu anapopita hufaa sana kwenye ngazi.

Taa za volti 12 za bustani nazo ni nzuri. Kama utachimba ardhi, hata kidogo, piga simu 811 siku chache za kazi kabla. Watakuja bila malipo kuweka alama pale mabomba ya gesi na nyaya zilipopita.

Taa ya volti 120 yenye waya mpya ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni. Nunua taa yenye alama ya UL au ETL. Ikiwa itapigwa na mvua moja kwa moja, boksi lake liwe limeandikwa "wet location".

3. Ekstensheni si waya wa kudumu

Usipitishe ekstensheni dirishani au chini ya mlango na kuiacha msimu mzima. Ikibanwa, ngozi ya waya hukatika na moto unaweza kuanza. Kwa matumizi ya muda, tumia ile iliyotengenezwa kwa ajili ya nje.

4. Usitoboe ukuta ovyo

Rangi yenye madini ya risasi ilipigwa marufuku kwa nyumba mwaka 1978. Nyumba zetu nyingi ni za kabla ya hapo. Ukitoboa ukuta au nguzo ya veranda, vumbi lenye sumu huanguka pale watoto wanapocheza, na sumu hiyo huharibu ubongo wa mtoto. Ni afadhali kutumia tundu lililopo au taa ya kubandika. Sheria ya New York inataka kila mtoto apimwe damu akiwa na mwaka 1 na tena akiwa na miaka 2. Usikose vipimo hivyo.

5. Unapopanda juu

Zima kwanza umeme kwenye boksi la umeme. Ngazi ya kuegemeza ikifika futi 12 juu, miguu yake iwe futi 3 kutoka ukutani. Mtu mwingine aishike. Kaa angalau futi 10 mbali na nyaya zinazotoka kwenye nguzo ya mtaani, na usitumie ngazi ya alumini karibu nazo.

6. Kama umepanga

Usiguse waya za nyumba ya mtu. Mwandikie mwenye nyumba na uhifadhi nakala. Akikaa kimya na ngazi ziko gizani, piga simu 311 ya jiji.

Wakati wa dharura

Mtu akishikwa na umeme, usimguse. Zima umeme kwanza, kisha piga 911. Kama huwezi Kiingereza, sema "Swahili" ili utafutiwe mkalimani. Waya ukianguka barabarani, kaa mbali nao na piga 911.

Elekeza taa yako chini, kwenye ngazi, isiwapige majirani machoni wala kuwanyima usingizi. Na mwambie jirani aliyefika karibuni habari hizi kabla theluji haijaanza.