Lugha za Milima ya Upare

Mtu asimamaye katika mji wa Same huiona milima ya Upare Kusini karibu naye. Akiifuata njia ya Moshi, huiona baadaye milima ya Upare Kaskazini, ambako ziko nchi za Usangi na Ugweno. Kwa kuwa milima hii yaitwa kwa jina moja, watu wa mbali hudhani ya kuwa lugha yake nayo ni moja. Sivyo.

Lugha ya Wapare walio wengi ni Chasu, na wenyewe hujiita Vaasu. Tazama mwanzo wa neno hilo: pale Kiswahili kisemapo *wa*, Chasu husema *va*. Kwa alama kama hizi twajua ya kuwa lugha hizi mbili ni ndugu. Tena Chasu chenyewe hakisemwi sawasawa kusini na kaskazini, ingawa watu wa pande zote mbili huelewana.

Lakini Ugweno iko lugha nyingine, Kigweno. Wagweno huishi pamoja na Wapare, hata mgeni hudhani lugha yao ni Chasu cha kaskazini tu. Wataalamu waliolinganisha maneno na sauti wameona ya kuwa Kigweno ki karibu zaidi na Kichaga cha Kilimanjaro. Majirani huazimana maneno ya sokoni upesi. Bali majina ya viungo vya mwili na ya hesabu hayaazimwi upesi hivyo. Hayo ndiyo yaonyeshayo ukoo wa lugha.

Leo Kigweno kimo hatarini. Wazee wangali wakikisema, lakini watoto wengi hukua wakisema Chasu na Kiswahili, kwa kuwa lugha hizo hufaa mahali pengi zaidi.

Je, lugha ikifa, hasara ni nini? Fikiri neno *ndiva*, litumiwalo katika milima ya Same. Ndiva ni bwawa likusanyalo maji ya kijito usiku, ili asubuhi yafunguliwe yaende mashambani kwa mifereji. Neno ni fupi, lakini limebeba ujuzi wa vizazi vingi. Ugweno nako walikuwako wahunzi mashuhuri wa chuma, na kazi yao ilikuwa na maneno yake. Neno likisahauliwa, ujuzi wake nao husahauliwa upesi.

Basi, mwanafunzi, jifunze Kiswahili kwa bidii, wala usiitupe lugha ya nyumbani. Mwulize bibi au babu majina ya miti, ya vyombo na ya kazi za kale, uyaandike daftarini.

MASWALI
1. Kigweno ki karibu na lugha gani, na twajuaje?
2. Ndiva ni nini?
3. Taja maneno matatu ya kwenu ambayo wazee tu huyatumia.