Cheche Iliyopotea: Kuusaili Umeme wa Pikapu Kongwe

Mafakihi wana kanuni mashuhuri isemayo kwamba yakini haiondoshwi na shaka. Na ijapokuwa kanuni hiyo iliwekwa kwa ajili ya udhu, ibada na miamala ya watu, mimi niliyeinamia injini za pikapu kwa miaka mingi sijapata kuona neno limfaalo zaidi fundi aliyesimama mbele ya gari ambalo stata yake inazunguka kwa nguvu, walakini injini haiwaki.

Namkumbuka mchuuzi mmoja wa samaki aliyeniletea Peugeot 404 ikiburutwa kwa kamba, baada ya kununua plagi nne mpya, kisha koili, kisha betri, kila kimoja kwa dhana tupu, hata fedha zake zikamalizika na gari lingali vilevile. Bidii alikuwa nayo, ila taratibu ndiyo iliyompungukia. Nayo taratibu haina siri: ni kuufuata umeme katika njia yake yote, toka utokako hadi ufikako, na kukisaili kila chombo kabla ya kukihukumu.

Magari ya kadiri hiyo huwashwa kwa njia aliyoiasisi Mmarekani Charles Kettering zaidi ya miaka 100 iliyopita. Umeme wa betri, volti 12, hupita katika swichi ya ufunguo, ukaingia katika koili, ukashuka hadi kwenye pointi zilizomo ndani ya distributa, na hapo ukapata arthi. Na pointi zinapoachana ghafula, nguvu ya sumaku iliyokusanyika katika koili huporomoka, na kuporomoka huko ndiko kuzaako volti 20,000 au zaidi, ambazo hupitia rota na kifuniko cha distributa hadi kwenye plagi ambayo zamu yake imewadia. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, tendo hili hukaririwa mara 100 katika kila sekunde; basi si ajabu kwamba hitilafu nyembamba kama unywele huisimamisha kazi yote.

Anza na betri. Ikiwa imejaa na imetulia hupima volti 12.6 hivi, na vichwa vyake, pamoja na waya wa arthi, sharti vikazwe na kusafishwa ule ukungu wa kijani ambao hewa yetu ya chumvi huuleta upesi. Betri ikithibiti, chomoa waya wa katikati kwenye kifuniko cha distributa, uushike kwa koleo kavu lenye mipini ya mpira, baidi na petroli yoyote iliyomwagika, uukurubishe na chuma cha injini kwa nafasi ya milimita 6, kisha mwenzio azungushe stata. Ikiruka cheche ya samawati yenye mlio, koili na pointi zina yakini, na tuhuma imehamia mbele, kwenye rota, kifuniko, nyaya na plagi. Hapo kifuniko kikaushwe kwa kitambaa na kutazamwa ndani penye mwanga wa jua, kwani ufa mdogo, au mstari mweusi wa kaboni baina ya nguzo mbili, hutosha kuupoteza umeme. Na asubuhi za masika hata unyevu peke yake hufanya hivyo.

Cheche isipoonekana, rudi nyuma na taa ndogo ya kupimia. Ufunguo ukiwa umewashwa, gusa upande wa koili upokeao umeme kutoka kwenye swichi: taa isipowaka, kosa liko kwenye swichi au waya wake. Ikiwaka, hamia upande wa pili, uendao kwenye distributa, na stata izungushwe. Taa ikimetameta, pointi zinafunga na kufungua, na wa kutuhumiwa ni koili, kondensa au ule waya wa katikati. Ikiwaka mfululizo, umeme haupati arthi, aghalabu kwa uchafu wa pointi au kwa waya uliokatika. Na isipowaka kabisa, ama pointi hazifunguki, ama kondensa imegusana ndani, ama koili yenyewe imekatika. Pointi zikisafishwa au kubadilishwa, nafasi yake irudishwe kwenye kipimo cha injini hiyo, ambacho katika nyingi za namna hii ni milimita 0.4 hivi, kisha taimingi ipimwe upya, maana nafasi ikibadilika, nayo hubadilika. Wala ufunguo usiachwe umewashwa muda mrefu ilhali injini imezima, kwani koili huungua.

Taa ya mchuuzi yule, nilipoigusisha upande wa pili wa koili, iliwaka mfululizo wala isipepese. Nikafungua distributa, nikauvuta taratibu waya mdogo uendao kwenye pointi, usiozidi urefu wa kidole, nao ukanyooka mkononi kama uzi wa mpira, kwa kuwa shaba yake ilikuwa imekatika ndani ya ngozi iliyoonekana nzima. Niliweka mwingine, na injini ikashika kwa mzunguko wa kwanza. Plagi, koili na betri alizokwisha kuzitupa hazikuwa na hatia. Alinyamaza kitambo, kisha akaniomba nimfunze matumizi ya ile taa. Na tangu siku hiyo anayo yake, imefungwa katika kitambaa kikavu chini ya kiti cha dereva.