Shift mara tano

Bonyeza kitufe cha Shift mara tano mfululizo kwenye kompyuta ya Windows, na kisanduku kitajitokeza kikiuliza kama unataka kuwasha Sticky Keys. Wengi wanakijua kisanduku hicho kama kero tu. Huwatokea watoto katikati ya mchezo, nao hukifunga bila kusoma. Maofisini, fundi huombwa akizime kisirudi tena, naye hukizima. Mtu ambaye mkono wake mmoja haufanyi kazi anakuwa ameondolewa njia rahisi kuliko zote ya kujiwashia msaada bila kumwita mtu.

Mchukue aliyepata kiharusi akabakiwa na mkono wa kulia. Herufi za kawaida atazichapa, polepole. Shida inaanza akifika kwenye alama ya @ ya barua pepe, ambayo kwenye kibodi nyingi hutoka kwa kushikilia Shift huku ukibonyeza 2. Shift ya kulia iko chini upande mmoja, 2 iko juu upande wa pili, na kiganja hakifiki. Sticky Keys ikiwa imewashwa, anabonyeza Shift, anaiachia, kisha anaifuata 2 bila haraka, na kompyuta inavichukua vitufe hivyo kana kwamba vimebonyezwa pamoja. Ndivyo atakavyopata pia Ctrl na S ya kuhifadhi kazi yake. Neno la siri lenye herufi kubwa na alama, ambalo alikuwa akilazimika kumtajia mwenzake amwandikie, sasa analiandika mwenyewe. Hilo la mwisho naliona kubwa kuliko yote, kwa sababu siri inarudi kuwa siri.

Mkono unaotetemeka una shida nyingine: kidole kinakusudia herufi moja, skrini inaonyesha tatu. Dawa yake ni Filter Keys, inayoitwa kwa kushikilia Shift ya kulia kwa sekunde 8. Unaweza kuipangia ipuuze mbonyezo unaorudiwa haraka mno, au isikubali kitufe mpaka kishikiliwe kwa muda. Asiyejua akiikuta imepangwa hivyo atadhani kibodi imekufa, kwani kugusa kwa kawaida hakuandiki kitu. Kabla ya kununua kibodi nyingine, fungua mipangilio uangalie.

Mambo haya yana umri. Mengi yalitokana na kazi ya Kituo cha Trace katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1971 na Gregg Vanderheiden. Macintosh ilikuwa nayo tangu miaka ya 1980, na Windows 95 ikaja nayo ndani yake bila kuhitaji programu ya ziada. Waliobuni walikumbuka hata kompyuta ya kushirikiana: kwa kawaida Sticky Keys hujizima yenyewe mtu akibonyeza vitufe viwili kwa pamoja, hivyo anayekuja kukaa baada yako hasumbuki. Ila kama mkono wako hugusa vitufe viwili kwa bahati mbaya, ondoa chaguo hilo kwenye mipangilio, la sivyo itakuzimikia kila mara.

Kuandika kwa sauti kumesaidia pia, na tangu mwaka 2017 programu ya kibodi ya Google kwenye simu inapokea Kiswahili. Kwa barua ndefu ni nafuu kubwa. Lakini karani hawezi kutamka namba za akaunti za wateja mbele ya foleni, wala mwanafunzi hawezi kusema majibu yake katikati ya chumba cha mtihani. Kibodi bado inahitajika.

Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009. Mkataba huo unataka mazingira ya kazi yarekebishwe inavyostahili ili mwenye ulemavu aweze kufanya kazi yake. Marekebisho mengine yanadai fedha, kama ngazi za kubomoa na lifti za kujenga. Haya ya kibodi yamekwisha kulipiwa siku kompyuta iliponunuliwa. Kwa hiyo mwajiri anayemhamisha karani kutoka kwenye kompyuta baada ya kiharusi, kabla ya yeyote kumwonyesha vitufe hivi, hawezi kusingizia bajeti. Na mwalimu wa kozi ya kompyuta anayetumia wiki nzima kufundisha vidole kumi vikae wapi ana nafasi ya kutosha, ndani ya wiki hiyohiyo, kumfundisha mwenye vidole vitano.