Dakika Zinazoamua Ubora wa Mpira na Plastiki

Ukanda mweusi unaozuia maji kupenya mlangoni mwa gari wakati mwingine si mpira mtupu. Ni mchanganyiko wa mpira wa EPDM na plastiki ya polipropileni: hunyumbuka kama mpira, lakini huweza kuyeyushwa na kufinyangwa upya, jambo ambalo tairi haliwezi. Bidhaa ya namna hii, Santoprene, iliingia sokoni mwaka 1981, na ubora wake huamuliwa na dakika chache ndani ya mashine ya kuchanganyia.

Mashine hupashwa moto hadi nyuzi joto 180 au zaidi kidogo, kwa kuwa polipropileni huyeyuka karibu na nyuzi 165. Fundi hutazama mchoro unaoonyesha nguvu inayohitajika kuzungusha rota za kuchanganyia. Malighafi zikitiwa, mstari hupanda ghafla. Plastiki ikiyeyuka, hushuka na kutulia. Hapo ndipo hutiwa kemikali za kukaza mpira, kwa mfano salfa na vichapuzi vyake. Mstari hupanda tena, kwani mpira unakaza huku rota zikiukatakata. Hata kama mpira ndio mwingi, huishia kuwa chembe za mikromita moja au mbili hivi, zimezingirwa na plastiki.

Mashine ikizimwa mapema, mpira hubaki mabonge yasiyokaza. Bidhaa yake hukatika upesi ikivutwa, na ikibanwa kwa muda mrefu hairudi katika umbo lake. Kemikali zikitiwa kabla mpira haujasambaa vizuri, hasara ni ile ile.

Wengi huamini kuwa kuchanganya zaidi hakudhuru. Kunadhuru sana. Mstari ukishatulia mara ya pili, kazi imekwisha. Kinachoendelea ni joto na msuguano kukata minyororo ya molekuli za polipropileni, na uimara unapungua. Mpira asilia, ukitumiwa badala ya EPDM, huumia zaidi, maana viungo vyake vya salfa huvunjika katika joto hilo na mpira unalegea tena. Isitoshe, msuguano huweza kufanya mchanganyiko uwe moto kuliko kiwango kilichowekwa kwenye mashine.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa maabara na viwandani, msinakili dakika za mashine ya mwingine. Ukubwa wa chemba, kasi ya rota na kiasi cha malighafi hubadilisha kila kitu. Choreni mstari wa mashine yenu, pimeni joto la mchanganyiko wenyewe, kisha ndipo mpange muda.