Shanga za Mwani na Ugonjwa wa Kisukari

Mzazi mmoja ametuuliza kama ni kweli kuna dawa ya mwani inayomwezesha mwenye kisukari kuacha sindano. Utafiti wa namna hiyo upo, ila si dawa ya kupewa hospitalini. Tunaueleza kwa sababu mtoto anayeachishwa insulini kwa ajili ya uvumi anaweza kufa katika siku chache.

Ndani ya kongosho mna vikundi vidogo vya chembe hai vinavyotengeneza insulini. Katika kisukari cha aina ya kwanza, ambacho huwapata sana watoto na vijana, kinga ya mwili huziharibu chembe hizo. Mgonjwa akiwekewa chembe za mtu mwingine, kinga huzishambulia nazo. Ndipo watafiti wakafikiria kuzificha.

Maficho yenyewe hutengenezwa kwa aljineti, yaani ute wa mwani wa kahawia wa bahari za baridi. (Mwani unaolimwa na akina mama wa Zanzibar ni wa jamii nyingine, na ute wake ni tofauti.) Aljineti yenye sodiamu huyeyushwa katika maji mpaka yawe mazito kama uji mwepesi, kisha chembe hai huchanganywa humo taratibu. Mchanganyiko huo hudondoshwa kwa sindano, tone baada ya tone, katika maji yenye chumvi ya kalsiamu. Kila tone likigusa maji hayo huganda kuwa punje laini ya mviringo, mfano wa ushanga. Kalsiamu imechukua nafasi ya sodiamu na kuzishikamanisha nyuzi za ute. Uzuri wake ni kwamba hapahitajiki moto, maana moto ungeziua chembe. Mchanganyiko ukiwa mzito mno, punje hutoka na mkia.

Ushanga huo una vitundu vidogo sana. Sukari na hewa ya oksijeni huingia, insulini hutoka, lakini chembe nyeupe za damu hazipenyi. Ili kuzuia na kingamwili, watafiti wengi huuvika ushanga utando wa pili.

Mwaka 1980 Franklin Lim na Anthony Sun walitangaza kwamba panya wenye kisukari waliowekewa punje hizo walikaa na sukari ya kawaida kwa wiki 2 hadi 3. Mwaka 1994 madaktari wa Marekani waliripoti habari za mgonjwa mmoja aliyeweza kuacha sindano. Lakini huyo alikuwa amepandikizwa figo, na tayari alikuwa akitumia dawa za kupunguza kinga. Tatizo kubwa ni kwamba mara nyingi mwili huzizungushia punje nyama ya kovu, na chembe zilizomo hukosa hewa zikafa. Watafiti wanaendelea kutafuta aljineti isiyoamsha kovu hilo.

Kwa hiyo, wazazi, anayewauzia mwani wa kuponya kisukari hana alichowaletea. Mtoto anayekunywa maji mno, kukojoa mara kwa mara na kukonda apimwe sukari siku hiyo hiyo. Na yule anayetumia insulini akiugua homa au kukataa chakula, msimkatishie sindano kwa uamuzi wenu. Mpelekeni kliniki haraka, huko ndiko watakakopima na kusema kipimo kipunguzwe au kiongezwe.